Kisu cha Baba na Mafuta ya Papa

Kwetu mwanamke hachinji. Dini haijamkataza, shehe wetu alishaulizwa, akasema mwanamke akitaja jina la Mungu na kisu chake kikawa kikali, kuku huyo ni halali. Lakini halali ni jambo moja, kuliwa ni jambo jingine. Mama yangu alikuwa akisema, "Kuku wa kuchinjwa na mwanamke utamla weye na sufuria lako." Kwa hiyo wanawake wa mtaa wetu, pembezoni mwa Wete, walipotaka kupika kuku walisimama mlangoni wamemshika miguu, kichwa chini, wakingoja mwanamume apite. Mwanamume yeyote: anayetoka sokoni, anayekwenda msikitini, hata mgeni asiyejulikana alikotoka. "Ndugu yangu, hebu n'chinjie huyu," na hakuna aliyekataa.

Tabu ni kwamba wapita njia hawatembei na visu. Baba yangu alitembea nacho.

Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa pembe, ubapa mmoja wa chuma cha zamani, kile chuma kinachopata makali upesi na kutu upesi vilevile. Alikinunua kwa Mhindi mmoja mjini kabla sijazaliwa, na kikakaa kwenye kibindo cha kikoi chake siku zote za maisha yangu ya utoto. Kwa kisu hicho alimenya machungwa, akakata popoo la tambuu, akachonga vijiti vya meno, na akachinja kuku wa mtaa mzima. Hiyo ilikuwa miaka ambayo siasa ilikuwa imeingia hadi majikoni. Watu wa chama hiki walikuwa hawataki nyama iliyochinjwa na mtu wa chama kile, na majirani waliokuwa wakipeana moto wakaanza kupeana visogo. Baba alikuwa na chama chake, tena alikipenda, lakini alimchinjia kila mwenye kuku. "Kuku hana kadi," alisema. Wanawake wa pande zote mbili wakakubali, maana njaa nayo haina kadi.

Ila kila kuku mmoja alileta kazi nyumbani. Damu huteleza ikaingia kwenye ule mfereji wa mpini ambamo ubapa hulala ukikunjwa, na ikikauka humo inaita kutu kama sukari inavyoita sisimizi. Baba aliporudi alaasiri alikaa kibarazani, akaniita nimletee vitu vyake. Kwanza maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sababu pembe ikipata maji ya moto hupinda. Alikuwa na kijiti cha chelewa, ule uti wa ukuti wa mnazi, alichokichonga ncha, akakiviringishia kitambaa, akachokonoa mfereji mpaka kitambaa kitoke cheupe. Halafu majivu ya makumbi ya nazi, yaliyochekechwa kwa kipande cha kanga mpaka yawe laini kama unga wa ngano, na nusu ndimu. Alisugua kutoka mpinini kwenda nchani, kwenda tu, hakuna kurudi. Akimaliza alisuuza hapo hapo, bila ya kupumzika, maana ndimu inasafisha chuma vizuri lakini ukiiacha ikae inaanza kukila. Kisu kikaachwa wazi kipigwe na upepo. Mwisho kabisa yakaja mafuta ya nazi, yaliyopashwa kidogo, yakipakwa na kufutwa, yakipakwa na kufutwa, na tone moja likatiwa kwenye bawaba.

Baba aliyaamini mafuta ya nazi kuliko alivyomwamini daktari. Aliyapaka kichwani, mgongoni, kwenye kifua cha mtoto mwenye kikohozi, kwenye mlango unaolia. Ukimwambia kuwa jambo fulani halitibiki kwa mafuta ya nazi alikuangalia kwa huruma. Mimi nilijifunza kazi yote ile kwa kumtazama, na baadaye akaniachia, na niseme kweli, niliipenda. Kuna raha ya peke yake katika kukunjua kisu safi na kukisikia kikiitika.

Nilipofika umri wa kuolewa, na kwa hesabu za mama nilikuwa nimeshaanza kuupita, kisu kile kikapata kazi nyingine. Baba alikuwa na msemo wake mwenyewe: mtu humjui mpaka umwazime kisu. Alipokuja mposaji wa kwanza, kijana mzuri wa sura, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, baba alizungumza naye kwa upole, kisha akatoa kisu kibindoni, akakiweka juu ya mkeka. Kwetu kisu hakitiwi mkononi mwa mtu, kinawekwa chini naye akakiokota. Akamwambia, "Kitumie siku mbili tatu, kisha unirejeshee." Kijana akakirejesha kweli, na ndani yake kina maganda ya chungwa yaliyokauka. Baba akamshukuru, akamwombea dua njema, na habari ikaishia hapo.

"Ati utamwoza mwanao kwa kisu?" mama akamuuliza.

"Kisu hakisemi uongo," baba akamjibu. "Ntu akija kuposa kaoga. Kisu changu ndicho kitachonambia siku asizooga."

Mimi nilicheka na kumwona baba ana akili sana. Nilimwona hivyo mpaka nilipokutana na fundi.

Siku hiyo baba alikuwa amekwenda Makangale kwa nduguye, na mama alikuwa na mikono ndani ya unga. Jogoo alikuwa amefungwa mguu uani tangu asubuhi. Mama akaniambia, "Hebu simama nje, umtazamie ntu." Nikasimama mlangoni na jogoo anayepiga mbawa, kanga nimejifunika mpaka puani, na wa kwanza kupita nilimnusa kabla sijamwona.

Alinuka papa. Alikuwa fundi wa vyombo, mtu wa Wambaa, aliyekuja kutengeneza mashua bandarini, na amefikia kwa shangazi yake, yule bibi jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mafundi wa vyombo wanaishi ndani ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo mbao za mashua hupakwa ili maji ya chumvi yasizile. Harufu yake ukishaikuta mara moja huwezi kuisahau, wala huwezi kuiombea msamaha. Nikasema, "Ndugu yangu, n'chinjie," nikamnyoshea jogoo huku nimegeuza uso upande, kwa haya kidogo na kwa pua zaidi.

Akatoa kisu chake cha kukunja, cheusi, kikuukuu, akakifungua kwa kidole gumba kimoja tu. Akamlaza jogoo akaelekea kibla, akamchinja kwa mkono mwepesi kiasi kwamba yule jogoo, mkorofi wa uani kwetu, hakupata nafasi ya kubisha. Kisha akaomba maji. Nikadhani anataka kunawa. Hakunawa. Aliosha kisu kwanza. Aliinama pale pale akakisafisha mfereji kwa ncha ya ukuti alioung'oa kwenye paa letu, akakifuta kwa tambara alilokuwa nalo mfukoni, akakifungua na kukifunga mara kadhaa akikisikiliza, na baada ya hapo ndipo akanawa mikono yake.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya kisu. Nilijua ninachokiona. Nilisimama na jogoo wangu anayechirizika damu miguuni, na nilisahau kugeuza pua.

Akasema, "Jogoo wenu huyu kachoka na dunia, mpikeni sana." Akaondoka. Mama akaniita mara tatu kabla sijaingia ndani.

Haikuchukua muda shangazi yake akaja kwa mama na maneno yake ya kuzunguka zunguka, kwamba mpwa wake ni kijana mtulivu, kwamba mtulivu hukaa vibaya peke yake, kwamba ua wetu umetenganishwa na wake kwa ukuta mmoja tu na ukuta wenyewe umebomoka. Mama akampelekea baba maneno hayo. Baba akasema, "Aje."

Fundi akaja, ameoga, amevaa kanzu ya kuazima, na bado kwa mbali ananuka papa. Baba akavumilia. Wakazungumza habari za mvua na karafuu na mbao, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza. Kisha nikasikia kisu kikiwekwa juu ya mkeka. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nilijua kama kuna mtu Pemba nzima atakayefaulu mtihani huo, ni huyu.

Alikaa nacho siku chache. Alipokirejesha kilikuwa kimefungwa ndani ya kitambaa safi. Baba akakikunjua. Nilikuwa nachungulia, na wallahi sijapata kukiona kisu kile vile, wala mimi sikuwahi kukifikisha pale. Mfereji mweupe. Ubapa unang'aa mpaka shinani, pale kwenye kona ambapo kijiti changu hakikuwahi kufika. Baba akajaribu makali kwenye nywele za mkono wake, zikaondoka bila kulalamika. Akatikisa kichwa kwa furaha. Akamtazama fundi kama anavyotazamwa mwana. Akasema, "Nipeni chungwa."

Mama akapitisha chungwa. Baba akalimenya kwa mtindo wake, ganda moja refu lisilokatika, akalikata nusu, akaitia nusu mdomoni.

Nikaona uso wake ukibadilika kuanzia machoni kwenda chini.

"Papa!" akasema, akatema. "Kisu changu umekipaka papa!"

Maskini fundi hakuelewa kosa lake. Akaeleza kwa adabu, "Mzee wangu, nimekitia sifa. Chuma kikitiwa sifa kutu haikigusi, hata kwenye maji ya chumvi." Kwa Wambaa hiyo ndiyo heshima kubwa unayoweza kukipa kitu cha mtu: kukipaka kile unachokipaka chombo chako mwenyewe. Lakini baba alikuwa na chungwa linalonuka maini ya papa kinywani, na heshima ya Wambaa haikumfikia.

Fundi alipoondoka, baba akasema neno lililonikata kuliko kisu chenyewe. "Ntu asiyejua tofauti ya chungwa na mashua, mke atamjuaje?" Akanipa kisu. "Kasafishe. Kitoe uvundo huno wote."

Nilikaa uani na majivu yangu na ndimu zangu nikalia. Sikulia kimya kimya kama wanavyofanya wasichana wa hadithini. Nililia kwa sauti, kamasi zikinitoka, huku nikisugua. Nilisugua kwa majivu, sifa ikabaki. Nilisugua kwa ndimu na ukwaju, ikabaki. Nilichemsha majani ya mchaichai nikakiweka juu ya mvuke, na bado ukikitia puani unaiona mashua. Mama akaja akakaa karibu yangu akaanza kukuna nazi. Baada ya muda akasema, "Mwanangu, huo si usafi tena, huo ni ugomvi." Nikamwambia namtaka yule mtu. Nilisema hivyo hivyo, wazi, na mpaka leo sijui nilipata wapi uso. Mama aliendelea kukuna nazi. Akasema, "Basi ngoja. Baba'ako mkaidi, lakini si mwongo."

Mwishowe sifa ilitoka. Nilikipaka kisu mafuta ya nazi, nikatia tone kwenye bawaba na jengine la kulisindikiza, nikampelekea baba. Akakinusa, akaridhika, akakirudisha kibindoni. Na masika yakaingia.

Mwaka huo mvua ilinyesha kama iliyoahidiwa zawadi. Nguo hazikauki, chumvi inageuka maji kwenye kifuu, milango imevimba haifungiki. Kisu kilikaa kwenye kikoi chenye unyevu, kikatoka na kuingia, na mimi kila nilipokisafisha nilizidisha mafuta juu ya mafuta. Mvua zilipokatika kikaja kipupwe, na asubuhi zake za baridi ambapo mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa mpaka uyachokoe kwa kijiti.

Asubuhi moja kama hiyo shangazi wa fundi akatokea mlangoni kwetu na kuku mkononi. Mashua ilikuwa imekwisha. Ndugu zake fundi walikuwa wamekuja kutoka Wambaa kumchukua, na kuku huyo alikuwa wa chakula cha kumuaga. Jioni wanaondoka. Bibi yule alimwambia baba maneno hayo, lakini alikuwa ananitazama mimi.

"Hebu n'chinjie, kaka," akasema.

Baba akatoa kisu. Akatia ukucha kwenye kile kifereji cha kukunjulia, akavuta. Kisu hakikufunguka. Akavuta tena, ukucha ukakatika. Akakisugua mikononi kukipasha, akavuta kwa kanga, akakitia meno. Mama kutoka ndani akasema, "Hayo meno yenyewe machache, yaonee huruma." Majirani wawili waliokuwa wanapita wakasimama. Wapo waliocheka.

"Kimelala tu," baba akasema. "Baridi hino."

Kisu cha jikoni kwetu kilikuwa cha kukatia mchicha, na baba hakuwa mtu wa kumtesa kiumbe kwa kisu butu. Akasimama pale, mtu mzima, mchinjaji wa mtaa mzima, ameshika kisu kilichogoma, na kuku ananing'inia anamtazama. Nilimwonea huruma baba yangu, na hapo hapo nilikuwa na hasira naye, na vyote viwili nilivihisi kifuani kwa pamoja.

"Basi nimwite yule?" bibi akauliza taratibu.

Baba akaendelea kukivuta kisu chake. Bibi akalichukua hilo kuwa jibu, akaita juu ya ukuta.

Fundi akaja. Akatuamkia wote. Akaona kuku, akaona kisu cha baba, na nadhani akaelewa kila kitu kwa mtazamo mmoja. Akatoa chake, kile cheusi kinachonuka, akakifungua kwa kidole gumba, tena na baridi ile ile iliyokilaza cha baba. Watu wote walingoja achinje. Hakuchinja. Aliinama akakiweka chini mbele ya baba, mpini ukimwelekea baba, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Mzee wangu, tuchinjie."

Baba alikiangalia kisu kile kwa muda, akakiokota, akamlaza kuku akaelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Kisha akaomba maji, akakiosha kisu cha fundi kwa mikono yake mwenyewe, mfereji na ubapa, akakifuta, akakiweka chini, naye fundi akakiokota.

Baba alikaa kibarazani na bakuli la maji ya uvuguvugu, akakizamisha kisu chake mpaka kikalegea. Kilipofunguka alikiinamia sana. Mafuta ya nazi ya masika yote yalikuwa yamegeuka ulimbo ndani ya bawaba, mazito, ya rangi ya asali mbovu, na chini yake kutu nyekundu imejenga nyumba. Alikaa akikichokonoa mpaka adhuhuri. Akaswali. Akarudi akakichokonoa tena.

Halafu akaita juu ya ukuta, yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka: "Bibi! Mwambie fundi asende zake kabla hajapita hapa. Na aje na mafuta yake." Akarudi kukaa, akasimama tena. "Kidogo!"

Fundi akaja na sifa ndani ya kifuu kidogo, amekifunika kwa jani la mgomba kwa adabu. Ndugu zake wakabaki uani kwa shangazi yake, na mizigo yao imeshafungwa. Baba akamwonyesha mahali pa kukaa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia baba akimuuliza mtu kuhusu chuma badala ya kumweleza.

"Kwenye bawaba tu," baba akaamrisha. "Ubapa usiuguse. Ubapa una mafuta yake."

"Sawa, mzee wangu."

Fundi akachovya ncha ya kijiti cha chelewa, akadondosha tone moja kwenye kiungo. Akakifungua kisu, akakifunga. Akakifungua, akakifunga. Kikaanza kuitika kama zamani, ile sauti ndogo kavu ninayoipenda. Akafuta kilichozidi, akafuta tena, akakiweka juu ya mkeka. Baba akakiokota, akapaka ubapa mafuta yake ya nazi, membamba kabisa safari hii, akayafuta mpaka kidole kisiache alama.

"Nipeni chungwa," akasema.

Mama alilitoa mwenyewe, akasahau kurudi nyuma ya mlango. Shangazi alikuwa ameshaegemea ukuta uliobomoka, na nyuma yake vichwa vya watu wa Wambaa. Baba akamenya, ganda moja refu lisilokatika. Akalikata nusu. Safari hii alimpa fundi nusu moja, yeye akatia nyingine kinywani, akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya kibaraza.

Akatafuna. Akameza. Akafumbua macho akanitazama mimi, si fundi.

"Linanuka kidogo," akasema.

Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Tutazoea."

Mama akapiga kigelegele kabla hajajua anafanya nini, na shangazi akakipokea kutoka upande wa pili wa ukuta. Fundi alikuwa bado ameshika nusu yake ya chungwa, maji yanamtiririka mpaka kiwiko, hajui ale au aweke. Mimi nilikuwa nimeshazoea tangu siku ya jogoo.